Chekeche si kifyatuo: istilahi ya sayansi itaje kazi

MSWADA ninaouhakiki leo bado haujachapishwa, na hiyo ndiyo sababu ya kuuhakiki sasa. Kitabu kikishatoka na kuingia madarasani, istilahi zake mbovu huwa mali ya wanafunzi, na kuzing'oa si kazi rahisi.

Ni kijitabu cha kurasa zisizofika hamsini kinachoeleza kwa Kiswahili jinsi wanafizikia wa chembe wanavyoamua ni tukio lipi lihifadhiwe na lipi litupwe. Mwandishi wake ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya upili upande wa Kawangware. Jina lake nitalihifadhi mpaka kitabu kitoke. Aliniletea mswada katikati ya jiji, tukaketi katika mkahawa mmoja karibu na Barabara ya Muindi Mbingu, akanieleza shida yake bila kuzunguka: "Prof, watoto wanajua fomula zote kwa Kiingereza. Ukiwauliza zinamaanisha nini, kimya! Nimeona nijaribu kwa Kiswahili. Wewe usinionee huruma, chapa tu."

Nimeusoma mara mbili. Sentensi zake ni safi, mifano mingi ni ya hapa nyumbani, na mwalimu anaielewa fizikia yake barabara. Kilichomwangusha ni istilahi nne. Zote nne alizipata kwa njia moja: alishika neno la Kiingereza, akafungua kamusi, akachukua kisawe cha kwanza alichokiona. Hebu tuzitazame moja moja, kwa sababu mtindo huu si wake peke yake. Ni desturi ya wengi wanaotafsiri sayansi katika eneo letu.

Kabla ya istilahi, tuielewe shughuli yenyewe. Karibu na Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, shirika la utafiti la CERN lina mtambo uitwao LHC. Ni njia ya mviringo yenye mzingo wa kilomita 27 chini ya ardhi, ambamo vifungu vya protoni huzungushwa kwa mwendo unaokaribia ule wa nuru, kisha hugonganishwa. Vifungu hivyo hukutana hadi mara milioni 40 kila sekunde, yaani mara moja katika kila nanosekunde 25. Katika muda huo, hata nuru yenyewe haijasafiri mita 8. Kigunduzi cha ATLAS, mojawapo ya vile vinavyoitazama migongano hiyo, kina urefu wa zaidi ya mita 40. Kwa hivyo mgongano mpya hutokea kabla chembe za ule uliotangulia hazijatoka nje ya kigunduzi.

Tukio moja likihifadhiwa lote huchukua megabaiti moja hivi au zaidi. Zidisha kwa milioni 40, unapata terabaiti 40 kwa sekunde. Ni sawa na kujaza diski 40 za terabaiti moja moja kabla hujamaliza kumwamkua jirani. Nani atayajengea ghala mafuriko kama hayo, usiku na mchana, miezi nenda miezi rudi? Isitoshe, matukio mengi ni ya kawaida, ya aina ambayo imechunguzwa kwa miongo kadhaa. Chembe ya Higgs, ambayo kupatikana kwake kulitangazwa tarehe 4 Julai 2012, huzuka chini ya mara moja katika kila migongano bilioni moja ya protoni.

Ndiyo maana sehemu kubwa hutupwa. Hatua ya kwanza hufanywa na saketi za kielektroniki zilizoundwa mahususi. Hizo hutazama dalili chache tu, kama vile nishati kubwa iliyomwagika mahali pamoja, au chembe iliyopenya hadi tabaka la nje la kigunduzi, kisha huamua ndani ya mikrosekunde chache. Kati ya matukio milioni 40, hupita kama 100,000 kwa sekunde. Hatua ya pili hufanywa na maelfu ya tarakilishi zinazolikagua kila tukio kwa makini zaidi na kubakisha kama elfu moja au elfu chache. Yaliyobaki hayawekwi popote. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa turudi kwenye mswada.

Istilahi ya kwanza ni "umiliki wa data". Mwalimu alitaka kueleza kazi ya kuzipokea ishara kutoka kwa kigunduzi na kuzitia katika umbo linaloweza kuhifadhiwa. Kiingereza hutumia hapo neno "acquisition", neno lilelile ambalo kurasa za biashara hulitumia kampuni moja inapoinunua nyingine. Humo ndimo huo umiliki ulimotoka. Msomaji wa Kangemi akikutana na "mfumo wa umiliki wa data" atadhani ameingia mahakamani: data ni ya nani, na hati iko wapi? Wapo wanaopendekeza "ukusanyaji wa data". Hilo ni afadhali, ila ukusanyaji kwetu ni kazi ya mtafiti anayekwenda nyumba hadi nyumba akiwa na hojaji mkononi. Data ya kigunduzi haifuatwi. Inakuja yenyewe kwa kasi, na ukizubaa imekupita.

Kiswahili kina kitenzi cha hali hiyo: kunasa. Studio za River Road hunasa sauti za wanamuziki. Magazeti huandika kwamba kamera za usalama zilimnasa mshukiwa akikata kona Barabara ya Tom Mboya. Mtego hunasa ndege. Katika matumizi yote matatu kuna kitu kinachopita na chombo kilichokaa tayari kukingoja. Tuseme basi "unasaji wa data", na msomaji ataiona kazi kabla hajaelezwa.

Ya pili ni "wakati halisi". Nilimuuliza mwandishi wakati usio halisi ni upi, akacheka. Hilo ni neno la Kiingereza lililovishwa kanzu. Maana inayokusudiwa ni kwamba uamuzi sharti ufanywe matukio yakiendelea kumiminika. Katika LHC, tukio huwekwa foleni katika hifadhi ya muda kwa hizo mikrosekunde chache. Uamuzi ukichelewa, nafasi yake inachukuliwa na linalofuata. Watangazaji wa runinga wana "mubashara" na "moja kwa moja", lakini maneno hayo yanahusu kuonyesha, si kuamua. Tunalo "papo kwa papo", ambalo limebeba ule mfululizo: hili likizuka linaamuliwa, lile likizuka linaamuliwa. Makanga wa matatu katika Barabara ya Waiyaki hupokea nauli, akarudisha chenji na kugonga bati dereva asimame, yote papo kwa papo. Akichelewa, abiria keshashuka na nauli yake. Hata hivyo, "wakati halisi" imekwisha kuenea katika programu za simu, kwa hivyo sikumkata mwalimu alama nyingi hapo.

Ya tatu ndiyo iliyonikera hasa, maana imeingia katika uwanja wangu. Mswada unazungumzia "saketi ya sadfa". Walimu wa fasihi wanaosoma safu hii wanaijua sadfa vizuri. Ni mbinu ya mtunzi kukutanisha mambo mawili bila mpango: mhusika anakimbia mvua, anaingia kibandani, kumbe mwenye kibanda ni babake aliyepotea miaka ishirini. Kiini cha sadfa ni kwamba mambo hayo mawili hayakusababishana.

Hebu tuone saketi yenyewe inafanya nini. Katika miaka ya 1920 huko Ujerumani, Walther Bothe alishirikiana na Hans Geiger kutumia vihesabio viwili vya mionzi kwa wakati mmoja. Kihesabio kimoja kikilia peke yake, haijulikani kimeguswa na nini, maana vifaa hivyo hulia ovyo. Lakini viwili vilivyopangwa mstari mmoja vikilia kwa pamoja, kuna kila sababu ya kuamini kwamba ni chembe moja iliyovipitia vyote. Saketi hunakili pale tu viwili hivyo vinapolia pamoja. Bothe alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1954 kwa mbinu hiyo na yale aliyoyagundua kwayo.

Umeona tatizo? Thamani yote ya saketi hiyo ni kwamba kulia kwa pamoja si sadfa. Ni kama mashahidi wawili waliowekwa vyumba tofauti wakatoa kauli moja. Hakimu hasemi, "Ala, sadfa hii!" Anasema kauli zao zimeafikiana, kwa hivyo jambo lilitokea. Ningependelea "saketi ya mwafaka". Tena tusilitupe neno sadfa, kwa sababu fizikia yenyewe inalihitaji mahali pengine. Mara mojamoja chembe mbili zisizohusiana hugusa vihesabio viwili kwa bahati katika muda uleule, na wanafizikia hulazimika kukadiria idadi ya matukio hayo ya uongo ili wayaondoe. Huo ndio mwafaka wa sadfa. Mswada ulipoita kila mwafaka sadfa, uliifuta tofauti ambayo Bothe alituzwa kwa kuishughulikia.

Istilahi ya nne ndiyo iliyobeba kitabu kizima: "kifyatuo". Hiki ni kisawe cha "trigger", jina ambalo wanafizikia huuita mfumo mzima wa kuchagua matukio. Mwalimu amefungua kamusi, amekuta bunduki, amefyatua.

Kwa haki yake, zamani neno hilo lilifaa. Mwaka 1932 huko Cambridge, Patrick Blackett na Giuseppe Occhialini walikuwa wakipiga picha za njia za chembe kutoka angani ndani ya chumba cha mvuke. Kabla yao, mpiga picha alibahatisha tu: alifungua chumba, akapiga, na mara nyingi picha ilitoka tupu. Wao waliweka kihesabio juu na kihesabio chini ya chumba, wakaviunganisha kwa saketi ya mwafaka. Chembe ilipovipitia vyote viwili, chumba kilifunguka na picha ikapigwa. Chembe ilijipiga picha yenyewe, kama kwale anayekanyaga kijiti cha mtego nao ukafyatuka. Hapo kifyatuo ni jina la haki kabisa.

Lakini tangu siku hizo kazi imegeuka. Kwa Blackett taabu ilikuwa uhaba: chembe ni adimu, tusije tukaikosa. Kwa LHC taabu ni wingi: chembe zimefurika, tubakishe zipi? Anayefyatua huanzisha jambo, na baada ya mshindo tunauliza kilichopatikana ni nini. Mfumo wa leo, kwa sehemu kubwa, ni wa kutupa. Mwanafunzi anayesoma "kifyatuo" ataelewa kwamba kuna kitu kimewashwa. Hataelewa kwamba katika kila matukio 40,000 hivi, moja limebakishwa na mengine yamepotea daima. Istilahi imemficha jambo ambalo wanafizikia wenyewe linawanyima usingizi: je, kama fizikia mpya ilikuwa ndani ya yale tuliyoyatupa?

Lugha yetu haina upungufu hapa. Ina utajiri uliopangwa vizuri kuliko watu wanavyodhani. Tunachuja chai, kwa sababu kimiminiko hupita na majani hubaki. Tunapepeta mpunga kwa ungo, tukiuachia upepo utenganishe kizito na chepesi. Tunachekecha unga au mchanga, na hapo kinachoamua ni ukubwa wa matundu: kila punje hupimwa kwa kipimo kilekile, haraka, bila kujadiliana nayo. Kisha tunachambua maharagwe, moja moja, kwa jicho na kidole.

Sasa linganisha na zile hatua mbili. Saketi za kwanza zina kipimo kilichowekwa mapema, hazina nafasi ya kutafakari, na kasi yake ni kubwa. Hilo ni chekeche. Tarakilishi za hatua ya pili hulichukua tukio moja, zikaunganisha njia za chembe zake, zikapima, ndipo zikakata shauri. Huo ni uchambuzi. Kwa hivyo mfumo wote tuuite chekeche, hatua ya kwanza iwe kuchekecha na ya pili iwe kuchambua. Msomaji wa safu hii tayari anajua kwamba uchambuzi ndio neno tunalotumia pia kwa kazi ya mhakiki wa fasihi. Hapo mwanafunzi anayeingia darasa la fizikia akitoka darasa la fasihi hataona amevuka mpaka wa nchi.

Mwalimu alipinga. "Lakini Prof, chekeche ni la jikoni na mjengoni. Wataniambia hii si sayansi."

Pingamizi hilo ni zito kuliko linavyosikika, kwani ndilo lililotufanya tuogope maneno yetu kwa muda mrefu. Ni kweli, ukipita Kileleshwa au Lavington, kwenye zile ghorofa zinazochipuka kila uchao, utawaona vijana wamesimamisha wavu wa fremu ya mbao wakichekecha mchanga kwa sepetu. Lakini Kiingereza chenyewe kilitoa wapi maneno yake? Hicho kifyatuo chao kilitoka katika mtego na bunduki. Kipimo ambacho wanafizikia hukitumia kueleza uwezekano wa chembe kugongana kinaitwa "barn", yaani ghala la mkulima. Kilianza kama mzaha wa wanafizikia wa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na leo kimo katika kila jarida la fani hiyo. Hakuna aliyekikataa kwa kuwa kinanuka samadi. Neno huwa la kisayansi linapopewa maana moja iliyobanwa vizuri na kutumiwa kwa uthabiti.

Naja sasa kwa jambo ambalo mswada umelipoteza kabisa. Unayo aya moja kuhusu setilaiti ya Uhuru, nayo ni aya ya kujivunia jina. Ni haki kujivunia. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza kuundwa mahususi kwa kuchunguza eksirei zitokazo angani, na Wamarekani wakaiita Uhuru kwa heshima ya wenyeji wao. Orodha yake ya mwisho ilitaja vyanzo 339 vya eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeliongoza kundi la wanasayansi wake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Lakini aya inasema setilaiti hiyo "ilikusanya eksirei", basi, ikaishia hapo. Kumbe Uhuru ni chekeche lililopaa kutoka pwani yetu! Vigunduzi vyake vilikuwa masanduku yaliyojaa gesi. Eksirei ikiingia, huacha pigo dogo la umeme. Tatizo ni kwamba anga limejaa chembe zenye chaji, nazo pia huacha mapigo, tena mengi. Ukipeleka yote duniani, umepeleka pumba pamoja na nafaka. Kwa hivyo saketi za setilaiti zilipima umbo la kila pigo, kwani pigo la eksirei halifanani na la chembe yenye chaji. Pia zilitumia kinyume cha mwafaka: vigunduzi viwili vikilia pamoja, tukio linakataliwa, kwa sababu chembe ya anga huweza kuvipenya vyote viwili, ilhali eksirei humezwa katika kimoja. Kwa Bothe mashahidi wawili walithibitisha. Kwa Uhuru mashahidi wawili walikanusha. Yote hayo yaliamuliwa hukohuko angani, papo kwa papo.

Mwalimu, hiyo ndiyo sura yako ya kwanza. Mtoto wa Kawangware akianza na Malindi ya 1970 ndipo apelekwe Geneva, ataona kwamba mtambo mkubwa ni ndugu wa mdogo anaoufahamu. Kiswahili kilitoa jina la setilaiti hiyo, na miaka zaidi ya hamsini baadaye bado hatujatoa maneno ya kueleza ilifanya nini. Jina pekee ni bendera. Istilahi ni kazi.

Sura bora ya mswada ni ya tano, na hapo namvulia mwandishi kofia. Anaeleza kwamba wanafizikia hawaliamini chekeche lao wenyewe. Kila jaribio hutenga sehemu ndogo ya nafasi yake kwa matukio yaliyochukuliwa bila kuchaguliwa, hata yakiwa ya kuchosha. Kazi ya sampuli hiyo ni kulikagua chekeche: matundu yanapitisha tulichokusudia, au yanatupa kitu tusichokijua? Mfano wake ni wa mama muuza maharagwe sokoni Kawangware. Ukitaka kujua gunia lilivyo, usimwombe akuchagulie. Mwambie atumbukize mkono na kuchota gorogoro moja kutoka katikati, bila kuangalia. Sijasoma maelezo mazuri zaidi ya jambo hili katika lugha yoyote ninayoijua. Anaongeza kwamba jaribio la LHCb, lilipoanza kunasa data upya mwaka 2022, lilikuwa limeiondoa hatua nzima ya saketi na kuacha programu za tarakilishi zikague kila mgongano. Chekeche lenyewe, kumbe, hubadilishwa likionekana linapoteza nafaka.

Sura hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya, kwa sababu inatusuta sisi watu wa lugha. Kiswahili Sanifu ni chekeche. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulipendekeza Kiunguja kiwe msingi wake, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kusanifisha. Matundu yakawekwa. "Njia" na "macho" zikapita. "Ndia" na "mato", walizokuwa wakizitamka watu wa Mombasa na Lamu, zikabaki juu ya wavu. Sisemi usanifishaji ulikuwa kosa. Bila chekeche, LHC ingezama katika data yake siku ya kwanza, na bila usanifu nisingeweza kuandika makala yanayosomeka Nairobi, Dodoma na Bujumbura. Hoja yangu ni kwamba hatukutenga sampuli.

Kazi kubwa imefanyika tangu hapo. BAKITA iliundwa Tanzania mwaka 1967. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na hadi leo asiyekuwa nayo anapapasa gizani. Lakini utaratibu wa kuunda istilahi umebaki uleule: orodha ya maneno ya Kiingereza huwekwa mezani upande wa kushoto, na wataalamu huketi kujaza upande wa kulia. Neno ambalo fundi wa mjengo analo tayari haliingii katika orodha hiyo, kwa sababu hakuna aliyekwenda kulisikia. Hapa Kenya vitabu vya shule vilipitisha "tarakilishi", nami nalitumia bila kinyongo. Lakini ukiingia vibanda vya intaneti vya Kangemi, utasikia "kompyuta" kutoka kwa kila kinywa, wakiwemo waliopata alama ya A katika Kiswahili. Hilo ni gorogoro lililochotwa bila kuangalia, na linatueleza jambo kuhusu matundu yetu.

Tunayo bahati moja ambayo wanafizikia hawana. Tukio likitupwa Geneva, limekwenda. Neno likikataliwa na kamati linaendelea kuishi, mradi yupo anayelitamka. Ila watamkaji nao huzeeka. Mafundi wa majahazi, wafinyanzi, wahunzi, na akina mama wanaojua tofauti ya pumba, wishwa na chenga hawatakuwepo milele kutungojea tumalize mikutano. Idara zetu za Kiswahili zina wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada kila mwaka. Wapelekwe Kawangware, Uthiru na Dagoretti Corner na kinasa sauti, wanase bila kuchagua, na uchambuzi uje baadaye. Na bewa la Chiromo, wanakofundisha fizikia, haliko mbali na idara zetu. Ni mwendo wa kutembea kwa miguu. Sioni kwa nini kamati ya istilahi za fizikia isiwe na mwanafizikia aliyevuka barabara.

Uamuzi wangu kuhusu mswada ni huu. Uchapishwe, baada ya marekebisho manne: unasaji badala ya umiliki, papo kwa papo badala ya wakati halisi, mwafaka badala ya sadfa, chekeche badala ya kifyatuo. Sura ya Uhuru iandikwe upya na iwe ya kwanza. Sura ya tano isiguswe. Na kabla ya kupelekwa kwa mchapishaji, mwandishi awasomee wanafunzi wake wa kidato cha pili, awaachie wayaeleze kwa maneno yao wenyewe, kisha ayaandike yote watakayosema, hata yale yanayomchekesha.